Pasi Nne zenye Mapaa Mawili

Juzi mmoja wenu, jina simtaji, mwenyewe anajijua, aliniuliza kama anaweza kuwapa wanunuzi wa vyuma zile pasi nne kuukuu zilizo juu ya rafu. Alisema zinajaza atelye, karakana yetu hii, bure. Halafu akacheka, akauliza ile alama iliyochorwa kwa msumari kwenye kila pasi, mapaa mawili ya nyumba yaliyosimama bega kwa bega, kama ni uchawi. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikasema, bon, kosa ni langu, sijawahi kuwaambia. Chef wenu, Maman Omu, ameniruhusu niwakalishe asubuhi hii. Zimeni simu. Na wewe kule nyuma, weka chini hiyo bisibisi, utajitoboa.

Kazi ya umeme nimeifanya miaka mingi kuliko umri wa baba zenu. Najisifu? Ndiyo, najisifu! Mtu asipojisifu akiwa mzee, atajisifu lini?

Nilipoingia kazini mji huu ulikuwa bado Stanleyville, sisi tukisema Stan tu. Mimi mtoto wa wavuvi wa Yanonge, nilichukuliwa kuwa msaidizi katika atelye ya mzungu mmoja tuliyemwita Musyé. Msaidizi maana yake alikuwa mshika ngazi. Kipimo, kile kisanduku chenye sindano ya kusoma volti na ampea, hatukukigusa. Musyé alipima mwenyewe, akanong'ona namba zake, akakifungia kabatini kwa ufunguo. Ukimuuliza anajibu, "Weye shika ngazi."

Mshika ngazi mwenzangu alikuwa Mzee Ramazani. Yeye alizaliwa hapa hapa, katika familia za Waislamu ambao mababu zao walikuja zamani na biashara. Shule ya wazungu hakuiona, lakini chuo cha Kurani alisoma, na namba alizijua kwa Kiarabu. Alikuwa na daftari dogo ndani ya kofia yake. Kila Musyé aliponong'ona namba, Ramazani aliiandika. Siku moja Musyé akamfuma.

"Ramazani, unaandika nini?"

"Iko sala, Musyé."

Musyé akaangalia zile namba, hakuzielewa hata moja, akasema vizuri, mtu akisali haibi. Kumbe ilikuwa ni kazi yake yote tunahama nayo, sindano kwa sindano, ndani ya kofia!

Jioni tukirudi nyumbani Ramazani alinifundisha. Alichukia neno moja tu duniani, neno "nguvu".

"Watu wote wanasema nguvu," alisema. "Volti iko nguvu, ampea iko nguvu, wati iko nguvu. Nguvu, nguvu, nguvu! Ndiyo maana wanaunguza manyumba. Kila kitu iko na jina yake."

Akaniuliza: wewe si mtu wa mto? Wagenia, pale kwenye maporomoko, umepaona? Maji yanatoka juu yanaanguka chini, ule urefu wa kuanguka ndio volti, akauita musukumo. Maji mengi au machache yanayopita, ndiyo ampea, akayaita mwendo. Mawe yanayoyazuia, ndiyo omu, akayaita ubishi. Na kile ambacho maji yanafanya yakifika, kuvunja mtego au kugeuza gurudumu, ndizo wati, akaziita kazi.

"Gawa musukumo kwa mwendo, unapata ubishi. Zidisha musukumo kwa mwendo, unapata kazi. Basi. Ile ingine yote iko Musyé kuvaa kravati shingoni."

Nimefundishwa na wengi baadaye, wengine wenye diploma za kutundika ukutani. Hakuna aliyeongeza kitu cha maana juu ya hayo.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Kulikuwa na hoteli karibu na mto, na nyuma yake chumba cha kufulia ambako mfua nguo, Papa Saidi, alipiga pasi kwa makala, yaani makaa ya moto. Hoteli ikanunua pasi nne za umeme, zote za aina moja, za zamani zile, hazina kidude cha kujizima zikipata moto. Musyé akanipa kazi niifanye peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kula. Akiwa anaondoka akaniambia kwa Kiswahili chake, "Pasi zote nne, weka mustari moja!"

Alitaka nizipange mezani kwa mstari, zipendeze. Mimi je? Kichwa changu kilikuwa kimejaa waya. Nikazifunga umeme kwa mstari mmoja, ya kwanza ikimpa ya pili, ya pili ikimpa ya tatu, kama shanga za rozari. Nikakaza kila skrubu. Nikaita watu waje waone. Wakaja hata wapishi.

Papa Saidi akachukua pasi, akaitemea mate. Mnajua pasi yenye moto, mate yanalia chwii na kuruka. Yale mate yalikaa. Yalikaa pale yakimtazama. Akatemea ya pili, ya tatu, ya nne. Akaniangalia usoni, akasema kwa sauti ya kanisani, "Kijana, nguo za wageni nizipige na hii, ao niilaze kitandani inipashe miguu? Hii si pasi, hii ni vuguvugu."

Wapishi wakaanguka kwa kicheko. Toka siku hiyo Stan nzima iliniita Vuguvugu. Nikipita sokoni, "Vuguvugu, habari?" Hata mke wangu Antoinette, nilipokwenda kumposa, kaka zake waliuliza kwanza kama ni yule wa pasi.

Ramazani hakunicheka. Alingoja Musyé aende kula, akafungua kabati kwa kipande cha waya, Mungu amsamehe, akaleta kipimo. Tukapima pasi moja moja. Musukumo volti mia mbili ishirini, mwendo ampea mbili na nusu. Akaniambia gawa. Nikagawa: omu themanini na nane. Zidisha. Nikazidisha: wati mia tano hamsini, ndiyo kazi ya pasi nzima yenye heshima.

"Sasa weye uliziweka mustari. Wabishi wanne kwenye njia moja. Ubishi inakuwa ngapi?"

Themanini na nane mara nne, mia tatu hamsini na mbili. Mwendo ukashuka mpaka chini ya ampea moja. Kila pasi ikapata robo tu ya musukumo. Nikadhani basi itafanya robo ya kazi. Hapana! Andikeni hili, hata wenye diploma wanaanguka hapa. Musukumo ukiwa robo, na mwendo pia unakuwa robo, kwa hiyo kazi ni robo ya robo. Kila pasi ilifanya wati thelathini na nne. Paka akilala juu yake atakushukuru.

Kisha akanionyesha namna ya haki: kila pasi ipewe mlango wake, zote zinywe kwenye mto mmoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Mwisho akatoa msumari, akachora kwenye kila pasi namba ya ubishi wake. Nane ya Kiarabu imeandikwa kama paa la nyumba. Themanini na nane ni mapaa mawili. Ndio uchawi wenyewe huo, bwana mkubwa wa kuuza vyuma.

"Nimekuandikia hapa ili usisahau," akasema. "Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa."

Uhuru ulipokuja, na machafuko yaliyoufuata, Musyé aliondoka alasiri moja na masanduku mawili. Ufunguo wa kabati aliuacha umening'inia. Ramazani alikitoa kipimo, akakifuta vumbi kwa shati lake, akakiweka mezani katikati yetu, tukakiangalia tu. Mzee mzima machozi yalimtoka. Kesho yake tulifungua atelye saa ile ile, na taa za mji zikawaka kwa mikono yetu. Watu walisema wazungu wakienda tutakaa gizani. Walingoja sana hilo giza.

Na wateja tuliwapata wa kila namna! Mfanyabiashara mmoja wa barabara ya Bafwasende alikuja amefura kwamba duka lake limerogwa. Alikuwa na ampuli mbili, balbu za taa, kubwa ya wati mia na ndogo ya ishirini na tano, amezifunga mwenyewe, na ile ndogo inawaka, kubwa imelala. "Mutoto anafanya kazi, baba analala, hii si mandoki?" Nikaenda kuangalia: kazifunga mstari mmoja! Ndugu zangu, kwenye mstari mmoja mwendo ni ule ule kwa wote, kwa hiyo mbishi zaidi ndiye anayefanya kazi zaidi, na ampuli ndogo ndiyo yenye ubishi mkubwa. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mwizi wa zamani anamtambua mwizi mpya.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Wakati wa uasi mji ulikuwa mikononi mwa wapiganaji. Meli kutoka Kinshasa hazikupanda tena, maduka yalikuwa matupu, hukupata hata futi moja ya waya. Umeme ulikuwa unafika, kwa sababu maji ya mto Tshopo yanayogeuza mashine za umeme hayakuwahi kuuliza nani anatawala. Antoinette alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi moja bunduki zililia mtaani kwetu, uchungu ukamshika, na kabla ya saa sita mtoto alikuwa nje. Msichana. Uzito wake kama mkate mmoja, mikono yake kama vidole vyangu. Hakulia, alikwaruza kooni tu.

Mkunga wa maternité, hospitali ya wazazi, Mama Véronique, alimweka kifuani kwa mama yake. Lakini Antoinette alikuwa amemwaga damu nyingi, alitetemeka, mwili wake mwenyewe ulikuwa wa baridi. Tukamzungushia mtoto chupa za maji moto. Zilipoa haraka kuliko tulivyozichemsha. Midomo yake ikaanza kuwa na rangi ya makala.

"Couveuse iko," Mama Véronique akaniambia, "lakini ilikufa, kipande cha kuleta moto kiliungua. Papa Vuguvugu, fanya kitu. Huyu bila joto hafiki kesho."

Couveuse ni sanduku la kioo la kulea watoto waliokuja mapema. Nikalifungua chini. Kile kipande kilikuwa unga. Lakini kibati chake chenye namba kilikuwa bado kinasomeka: volti mia mbili ishirini, wati mia moja thelathini. Nikachukua makala, nikaandika sakafuni. Gawa kazi kwa musukumo, unapata mwendo: zaidi kidogo ya nusu ya ampea. Gawa musukumo kwa mwendo huo, unapata ubishi: kama omu mia tatu na sabini. Natafuta ubishi wa mia tatu na sabini katika mji usio na kitu! Jiko la umeme? Ubishi wake mdogo mno, lingemchoma mtoto kama samaki. Ampuli? Zilizobaki mjini zilihesabika. Nilikaa pale sakafuni nikilia, sioni haya kusema. Mia tatu sabini. Mia tatu hamsini ingetosha. Mia tatu hamsini na...

Nikaruka juu. Mama Véronique alidhani nimepata wazimu.

Nilikimbia mpaka hotelini. Hoteli ilikuwa imechukuliwa na wakubwa wa wapiganaji, na Papa Saidi aliwafulia wao sasa. Nikamweleza nikiwa nahema. Hakuuliza mara mbili. Akazitia pasi zote nne katika kikapu, akafunika kwa shati la mkubwa lenye nyota mabegani, akajitwika.

"Kwenye bariyeri nani atagusa shati la mukubwa?" alisema. Na kweli, tulipita bariyeri mbili za wapiganaji, wakapiga saluti kwa kikapu.

Ramazani, aliyeitwa na Mama Véronique, alikuwa ameshafika na kipimo. Nikazifunga zile pasi mstari mmoja, ya kwanza ikimpa ya pili, ya pili ikimpa ya tatu, kama shanga za rozari. Ramazani akaunganisha kipimo. Tukapima umeme wa siku hiyo: musukumo ulikuwa umeshuka, volti mia mbili kumi na moja. Mwendo, sehemu sita kwa kumi za ampea. Gawa mwenyewe, kijana: mia tatu hamsini na mbili, karibu kabisa. Zidisha: wati mia moja ishirini na sita. Tukazipanga pasi chini ya sanduku, tukatandika bati juu yake, kisha blanketi. Tukangoja. Papa Saidi akaweka kiganja kwenye bati. Kisha akasema taratibu:

"Vuguvugu."

Akaondoka akijipangusa uso. Mtoto akawekwa ndani. Mama Véronique alisoma kipimajoto, akafungua kidirisha kidogo, akakifunga, akasoma tena. Kabla jua halijashuka, ile rangi ya makala midomoni ilikuwa imetoka.

Mnadhani imeisha? Kesho yake asubuhi alikuja mpiganaji na bunduki yake, majani kichwani. Akasimama mlangoni, hakuingia, maana dawa aliyopakwa ilimkataza kuguswa na wanawake, na pale kulikuwa na wamama kumi.

"Nani alichukua pasi za mukubwa? Mukubwa iko na mkutano, nguo yake iko na mikunjo!"

Nikatoka. Nilikuwa na hofu, ndiyo. Nikamwambia ziko chini ya mtoto wangu.

"Zote ine? Donc nipe moja. Tatu zinakutosha."

"Ndugu, hizi iko mustari moja. Umeme inapita ya kwanza ndiyo ifike ya mwisho. Ukitoa moja, njia inakatika, zote zinakufa."

"Funga hizo tatu pamoja."

"Ubishi itapungua, moto itapanda, mutoto ataungua. Nilipiga hesabu."

"Hesabu ya nani?"

"Yangu," nikasema. Na mjue, katika maisha yangu yote sijawahi kusema neno kwa kiburi kama lile. Si ya Musyé, si ya kitabu. Yangu.

Alichungulia kwa mbali, akaona kile kitu kidogo kinapumua ndani ya kioo. Akakuna shingo.

"Nitaambia mukubwa nini?"

Ramazani akajibu kutoka ndani, "Ambia yeye pasi zilipata kur-sirkwi."

"Kur-sirkwi," yule kijana akarudia, akilionja hilo neno la Kifaransa la shoti ya umeme. "Mukubwa ataogopa hiyo." Akaenda zake. Mkubwa alihutubia mkutano na mikunjo.

Siku kumi na tisa sikulala nyumbani. Kila saa nilisoma volti, nikagawa, nikazidisha. Musukumo ukipanda, tulifungua kidirisha. Ukishuka, tuliongeza blanketi. Siku ya ishirini Antoinette alikuwa na nguvu za kukaa na kifua chenye joto lake mwenyewe, mtoto ananyonya na kupiga makelele maternité nzima. Nikazikata pasi. Nikamrudishia Papa Saidi, akazikataa. Alisema amezoea tena makala.

Siku ile Mzee Ramazani alimshika mtoto kwa mara ya kwanza. Mtoto akamvuta ndevu, akakataa kuachia. Mzee akavuta, mtoto akavuta.

"Ee, huyu iko na ubishi!" alisema. "Bunduki zilimukataa, baridi ilimukataa, yeye alibisha tu. Huyu omu ngapi?"

Kanisani tulimbatiza Véronique. Hakuna aliyemwita hivyo. Ninyi mnamwita Maman Omu, mkidhani jina limetokana na kile kipimo anachotembea nacho shingoni. Kipimo ni cha Ramazani, alimwachia yeye. Jina alilipata kabla ya kupata meno.

Nilivunja neno la mwalimu wangu. Alisema kosa ni kurudia kosa, nami nililirudia lile lile, skrubu kwa skrubu, na safari hii nilijua ni omu ngapi.

Bon. Nimechoka. Wewe uliyetaka kuuza vyuma, zishushe zile pasi, uzifute vumbi, upime kila moja mbele ya chef wako. Akikuuliza ni omu ngapi, usiangalie mapaa. Gawa.